Kabla ya Godoro, Kanyaga Pedali

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi sana mwaka huu, na kila nikiyasikia damu inachemka: "Breki ziko fiti, we pampu tu kidogo zitashika." Muuzaji wa gari la zamani atakuambia hivyo akiwa na uso mkavu. Fundi aliyechoka saa kumi na moja jioni atakuambia hivyo huku akikurudishia funguo. Dere wa mathree hata hatakuambia, atafanya tu, mguu unacheza ngoma mita hamsini kabla ya steji. Na sasa nayasikia kwa wasee wa rika langu, wale wananunua Hiace za zamani, wanang'oa viti vya abiria, wanatia godoro na jiko, halafu wanaziita kempa.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndiyo usisumbuke kuutafuta: breki inayotaka kukanyagwa mara mbili ndiyo ishike ni breki iliyoharibika. Haijalishi gari lina miaka mingapi. Haijalishi fundi amesema "hizi za zamani ndivyo zilivyo". Hakuna gari lililotoka kiwandani likitaka kupampiwa.

Na sisemi hivi kwa sababu nachukia maisha ya kempa. Nayapenda. Watu wa umri wetu hatuna pesa ya hoteli ya Naivasha kila mwezi, kodi ya nyumba yenyewe ni vita. Gari la kulala ambalo mbogi ya watu watano imechangia ni wazo tamu sana. Unapika ugali wako kando ya ziwa, unaamka na sauti za ndege badala ya honi. Shida yangu ni mpangilio wa pesa. Angalia video ya mtu akionyesha kempa yake: ataanza na godoro, aende kwa taa za kuning'inia, sola ya kwenye paa, friji ndogo, kabati la mbao lililopakwa vanishi. Dakika kumi na tano nzima. Sijaona hata mmoja akikaa kwenye kiti cha dere, kamera iangalie chini, akanyage pedali atuonyeshe inaishia wapi. Mbogi yetu mimi ndiye napiga video, kwa hivyo najua sababu. Pedali haileti laiki.

Kempa yetu ni ya binamu yangu. Ni Hiace ya lile umbo tunaloita Shark, injini ya dizeli, ilikuwa mathree kwa miaka mingi. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hivyo ukiona Shark barabarani leo, ujue sehemu kubwa ya uzee wake imeupata hapa hapa, kwa matuta yetu, vumbi letu na mafundi wetu. Hii ilibeba watu alfajiri hadi usiku, ikachoka, ikawekwa kwa ploti ikanyeshewa misimu kadhaa, halafu sisi tukaja kuijaza mbao, betri na tangi la maji. Kila hatua ya hayo maisha ina njia yake ya kuua breki, na hiyo ndiyo watu hawaambiwi.

Mpango wetu ulikuwa wa Desemba: kutoka Nairobi, kushuka Mai Mahiu, kulala Naivasha, kupitia Nakuru na Eldoret hadi Iten, kushuka bonde la Kerio, kupanda Kabarnet, kushuka tena hadi Ziwa Baringo. Kama unajua hizo barabara tayari umeanza kukunja uso. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya Kerio iko chini ya hapo kwa zaidi ya mita 1,000. Gari la tani mbili na nusu likishuka mita 1,000 lazima liachilie nishati mahali fulani. Nilipiga hesabu: ni nishati ya kuchemsha maji ya baridi zaidi ya lita 70. Fikiria sufuria ya chai ya harusi. Upepo unachukua kiasi, na injini ikiwa kwa gia ndogo inachukua sehemu nzuri. Kinachobaki kinaingia kwa vyuma vinne nyuma ya magurudumu yako, kwa muda wa dakika chache.

Sasa turudi kwa pedali yenyewe. Mara ya kwanza nimekaa kwenye hilo gari, limesimama, nilikanyaga. Pedali ikashuka karibu nusu ya safari yake bila ubishi wowote, halafu ikaanza kushika polepole, kama unakanyaga godoro. Nikaachilia, nikakanyaga tena haraka. Ikapanda juu, ikawa ngumu kidogo. Binamu akatabasamu: "Si unaona? Imeshika."

Niliona, ndiyo. Lakini nilichoona ni tofauti na alichoona yeye. Mimi si mekaniki, ila likizo zangu nyingi za shule ya upili nilizimalizia nikishika tochi kwa gereji ya mjomba Kariobangi, na jambo moja mjomba alinipigia kichwani ni hili: breki laini si ugonjwa mmoja. Ni kama kusema "naumwa tumbo". Daktari akikupa dawa bila kuuliza tumbo linauma vipi, toka hapo.

Kuna ulaini wa sponji. Unakanyaga, pedali inarudisha mguu kidogo, inadunda. Huo kwa kawaida ni upepo umeingia kwenye laini, kwa sababu mafuta ya breki hayabanwi lakini upepo unabanwa. Lakini sponji hiyo hiyo inaweza kutoka kwa zile paipu fupi za mpira zinazoenda kwa magurudumu. Mpira ukizeeka unavimba kila ukikanyaga, kama puto dogo, na nguvu ya mguu wako inaishia kuvimbisha mpira badala ya kusukuma pedi. Mtu mmoja akikanyaga breki na mwingine ashike ile paipu kwa mkono, injini imezimwa na magurudumu yamewekewa mawe, wakati mwingine unausikia uvimbe kabisa chini ya vidole. Sisi tuliusikia mbele kushoto. Juu ya huo mpira kulikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.

Halafu kuna pedali ndefu. Hii haidundi. Inashuka mbali, halafu inashika vizuri, na ukipampu inapanda. Hapo watu wengi wanakimbilia kutoa upepo na upepo haupo. Shida mara nyingi iko nyuma, kwa dramu. Lainingi zikiisha kidogo kidogo, kuna kifaa ndani ya dramu kinachotakiwa kuzisogeza karibu na chuma. Kwa gari lililolala kwa ploti, kile kifaa kimeganda kwa kutu na vumbi la breki. Lainingi zinabaki mbali, na mguu wako wa kwanza wote unatumika kuzisafirisha hadi zifike. Wa pili unazikuta ziko karibu, ndiyo maana unadhani "imeshika". Kuna jaribio rahisi sana ambalo hata mtu hajui spana anaweza kufanya: gari likiwa mahali tambarare, vuta handbreki kiasi, halafu kanyaga pedali. Ikiwa imepanda juu kuliko mwanzo, hizo lainingi za nyuma zinataka kurekebishwa, kwa sababu handbreki ya gari kama hili inazisogeza hizo hizo. Yetu ilipanda. Binamu akanyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo.

(Beringi ya gurudumu la mbele ikilegea pia inaleta pedali ndefu. Diski inayumba, inasukuma pedi zirudi nyuma, halafu unazifuata. Inua gurudumu, litikise juu na chini kabla hujanunua chochote.)

Ya tatu ndiyo inaniogopesha kuliko zote, kwa sababu haina kelele. Unakanyaga, pedali inashika, unatulia nayo hapo kama uko kwa taa za barabarani, na yenyewe inaanza kuzama. Taratibu. Sekunde kumi, ishirini, iko chini. Ukiangalia nje hakuna tone la mafuta. Hapo raba za ndani ya masta silinda zimeisha, mafuta yanapita pembeni ya pistoni yakirudi yalikotoka. Wasee wanaendesha hivyo miezi na miezi kwa sababu mjini hakuna mtu anakanyaga breki kwa utulivu, kila mtu anakanyaga na kuachilia. Utaijua siku unashuka mlima mrefu ukiwa umeishikilia. Kama inazama na pia mafuta yanapungua kwenye kopo, basi kuna mahali yanatoka. Piga magoti uangalie upande wa ndani wa kila tairi la nyuma. Palipo na unyevu, silinda ndogo ya hilo gurudumu inavuja, na lainingi zake pengine zimeloa mafuta na hazifai tena.

Na kinyume chake, pedali ngumu kama jiwe huku gari halisimami, hiyo si habari ya upepo hata kidogo. Hiyo ni busta. Zima injini, kanyaga mara tano sita hadi pedali iwe ngumu, bakisha mguu hapo, halafu washa. Pedali ikishuka kidogo yenyewe, busta inafanya kazi. Isiposonga, angalia paipu ya vakyumu, na kwa dizeli angalia ile pampu ya vakyumu, ambayo kwa injini nyingi za aina hii imekaa nyuma ya altaneta. Nimeona mtu akibadilishiwa pedi mara mbili kwa sababu ya paipu iliyopasuka.

Lakini nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kupigia kelele, ni mafuta ya breki. Haya mafuta yanakunywa maji. Si mfano, ndivyo yalivyotengenezwa: yanavuta unyevu kutoka hewani kupitia mpira na kifuniko, mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limelala. Hasa likiwa limelala. DOT 3 ikiwa mpya kabisa inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishakunywa maji asilimia tatu na kitu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa imeloa. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe karibu kila miaka 2. Yetu hakuna aliyejua yaliingia lini. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, ingawa hata rangi haitoshi kukuambia, kuna kikalamu cha kupima maji kinachowasha taa, na kila gereji inayojiheshimu inafaa kuwa nacho.

Ona sasa hatari ilivyojificha. Asubuhi ukiwa Nairobi, breki zimepoa, pedali iko sawa. Unazunguka mtaa, zinashika. Unaanza kushuka Mai Mahiu, mguu uko juu ya pedali kona baada ya kona, malori mbele, malori nyuma, vyuma vinachemka, na yale maji ndani ya mafuta yanageuka mvuke. Mvuke ni upepo. Pedali iliyokuwa sawa dakika kumi zilizopita inaenda hadi sakafuni. Ukibahatika ukafika pale chini, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, ukapumzika nusu saa, pedali inarudi. Ukienda kwa fundi kesho yake anakuambia hakuna shida. Kwa hivyo kujaribu breki kwa kuzunguka estate si jaribio la kempa, wasee. Hilo ni jaribio la gari la kwenda kununua maziwa.

Halafu tuje kwa uzito, maana hapa ndipo kempa inatofautiana na mathree. Mathree ikishusha watu inapumua. Kempa haipumui kamwe. Lita mia za maji ni kilo mia, haziteremki Githurai. Ongeza betri, mtungi wa gesi, mbao za kitanda, sisi watano na mabegi. Gari linashinda limebeba mzigo.

Na kuna kitu kimoja kwa hizi Hiace ambacho sijaona mtu wa kempa akikitaja. Nyingi zina valvu kule nyuma, karibu na ekseli, yenye mkono unaosoma mwili wa gari umekaa chini kiasi gani. Mzigo ukiwa mwingi mwili unashuka, valvu inaruhusu nguvu zaidi iende kwa breki za nyuma. Mzigo ukiwa mdogo inapunguza, magurudumu ya nyuma yasijifunge. Ujanja mzuri. Sasa mathree zetu tunazifanya nini? Tunaongeza majani ya springi ili zikae juu, zisiguse matuta. Mwili hauteremki tena. Ile valvu inaamini gari halina kitu, inabana breki za nyuma, wakati nyuma kuna nyumba nzima. Isitoshe, kwa Toyota nyingi za namna hii hiyo valvu ina nati yake ya kutolea upepo, na mafundi wengi wanairuka. Wanatoa upepo kwa magurudumu manne, wanasema tayari, na upepo uko pale katikati unawacheka. Ukiambiwa breki zimetolewa upepo mara tatu na bado ni sponji, uliza kuhusu hiyo nati.

Hapo ndipo naingia kwa lawama, na najua mafundi watanikasirikia. Kutoa upepo kumekuwa panadol ya gereji. Gari linaingia, hakuna anayeuliza pedali inadunda au inazama, hakuna anayeinua gurudumu. Kijana mmoja anakaa ndani, mwingine chini na chupa ya maji ya plastiki, "kanyaga, shikilia, achia," dakika ishirini, toa mia kadhaa. Mafuta ya kuongeza yanatoka kwa chupa iliyokaa wazi chini ya benchi tangu sijui lini, yaani maji yameshaingia kabla hata hayajaingia kwa gari. Na yule wa ndani anapiga pedali hadi sakafuni kwa nguvu zote. Kwa masta silinda ya zamani hilo ni kosa kubwa: raba zinasukumwa hadi sehemu ya chuma ambayo hazijafika kwa miaka, penye kutu na uchafu, zinachanika. Umeingia na upepo, unatoka na masta silinda imekufa. Mjomba alikuwa anaweka kipande cha ubao chini ya pedali. Ubao tu.

Kupata kona yenye shida kuna njia, haihitaji kompyuta. Unabana zile paipu za mpira kwa klempu laini isiyokata, zote, halafu unakanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta silinda haina neno. Unaachilia moja moja. Ile ambayo ukiiachilia pedali inalegea, hapo ndipo pa kufungua. Kama mpira tayari umepasuka usiubane, ubadilishe tu. Fundi asiyetaka kufanya hivi kwa sababu "gari ni la zamani" hafai kushika gari lako, hata kama ni wa kanisani kwenu.

Lakini sitamwangushia fundi kila kitu, kwa sababu mwenye gari ndiye anayekuja na mia tano na haraka. Tena kuna hii heshima ya ajabu tunayompa dere anayejua kuendesha gari bovu. Msee akiweza kushuka mlima na breki za kupampu tunamwita moto. Akikataa kushuka tunamwita muoga. Mimi niliitwa muoga kwa grupu yetu kwa wiki mbili mfululizo, na stika za kuku zikatumwa, kwa sababu nilisema sipandi hilo gari kwenda Kerio hadi breki zifunguliwe zote. Msichana mmoja wa mbogi aliniandikia inboksi kwamba hata yeye anaogopa ila hataki kuonekana anaharibu trip. Hiyo sentensi yake ndiyo iliyofanya niandike hii post. Tuko wangapi tunaopanda magari tukiwa tumeshika kiti, tukicheka, kwa sababu kuuliza breki ni ushamba?

Jibu ninalopewa kila mara ni hili: "Mathree zinapampu kila siku na zinafika." Kwanza, dere wa mathree anashinda na hilo gari masaa kumi na nne, mguu wake umelijua kama mtu anavyojua mlango wa kwao unaokwama. Kempa inaendeshwa wikendi mbili kwa mwezi, kwa zamu, na watu watano tofauti. Yule wa nne hajui ni mara ngapi za kupampu. Pili, hazifiki zote. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, watu zaidi ya 30 wakafa, na ripoti za wakati huo zilitaja breki. Miaka mingi kabla ya hapo daraja hilo lilikuwa limeshameza watu. Tunaombolezea mahali, tunasema "Nithi ni mbaya", "Salgaa ina mapepo", kana kwamba mteremko ndio unaoendesha.

Na Salgaa inanikumbusha tabia nyingine ya pesa: kuweka gari free ukishuka ili uokoe dizeli. Serikali imelalamikia malori kwa hili miaka nenda miaka rudi pale Salgaa. Ukiweka free unaondoa injini kwenye kazi ya kukushikilia, na ule mzigo wote wa joto unabaki wa breki peke yake. Shuka na gia ile ungepandia, kabla mteremko haujaanza. Kanyaga kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, achilia zipoe, rudia. Usipapase pedali muda wote kama unapapasa paka. Na pedali ikikuishia kabisa, hapo sasa, kwa mara moja tu maishani mwako, pampu haraka haraka, teremsha gia moja moja, vuta handbreki pole pole ukiwa umebonyeza kitufe chake isijifunge ghafla, na tafuta mahali pa kupanda au ukingo wa kusugua. Usizime injini. Kupampu kuliwekwa kwa ajili ya dakika hiyo. Ukikutumia kila asubuhi kwa steji, mlimani utakuwa umebakiwa na nini?

Basi tulifungua. Paipu zote za mpira tulibadilisha, tukanunua mpya Kirinyaga Road, na nilikataa zile za kutolewa kwa gari lingine hata muuzaji alipoapa kwa mamake. Vile vifaa vya dramu vilitolewa vikasafishwa, kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu hakikurudi. Pini za kalipa ya kulia zilikuwa zimeganda, kwa hivyo pedi ya ndani ilikuwa imeisha na ya nje iko karibu mpya, kitu ambacho ukichungulia kwa nje huwezi kujua. Mafuta ya DOT 4 kutoka chupa zilizofungwa, yakapitishwa hadi yakatoka safi kila kona, kuanzia nyuma kushoto ambako ndiko mbali zaidi na masta silinda, na ile valvu ya mzigo ikatolewa upepo na kurekebishwa upya kwa urefu wa springi zetu. Pedali sasa inashika juu, mguu wa kwanza, na haizami. Spea na kazi yote ya fundi, bila kuhesabu kifaa kimoja cha dramu ambacho bado tunakitafuta, ilikuwa chini ya bei ya godoro. Risiti zote mbili ninazo, nitazipandisha kwa stori.

Desemba imepita, trip haikuenda. Wawili walijitoa wakasema nimeleta siasa. Binamu bado hanijibu vizuri kwa grupu, anazungumzia mapazia tu. Lakini juzi alinitumia video ya sekunde nane bila maneno: kiatu chake, pedali, na tufe moja la mwanga wa simu kwenye sakafu. Alikanyaga mara moja, akashikilia. Kama una gari la zamani la kulala, au unapanda la mtu, nitumie na wewe ya kwako. Kamera chini, injini inawaka, mguu mmoja, sekunde thelathini bila kuachilia. Nitazipandisha zote, hata zile zinazozama.